Alama 37 za Lorena Ochoa, na mlango uliochukua miaka 14 kufunguka

Aprili 2008, kwenye uwanja wa Tres Marías mjini Morelia, Mexico, Lorena Ochoa alitwaa taji la Corona akimwacha aliyemfuata kwa mikwaju 11 (katika gofu mwenye mikwaju michache ndiye mshindi). Taji hilo lilimpa alama ya 27, na 27 ndiyo idadi ambayo LPGA, chama kinachoendesha gofu ya kulipwa ya wanawake nchini Marekani, hudai kwa yeyote anayetaka kuingia katika Ukumbi wake wa Umaarufu. Alikuwa na umri wa miaka 26. Aliingia humo mwaka 2022, akiwa na miaka 40.

Katika miaka hiyo yote hakupungukiwa alama hata moja. Ziliongezeka mpaka zikafika 37, yaani 10 zaidi ya zinazotakiwa. Aliongoza orodha ya ubora duniani kwa wiki 158 mfululizo, akatwaa tuzo ya Mchezaji Bora wa Mwaka mara nne, akastaafu bado ni namba moja, na mlango ukabaki umefungwa. Anayesoma habari zake kwa mara ya kwanza hudhani kuna takwimu iliyokosewa mahali fulani. Hakuna iliyokosewa. Kilichopo ni madaftari manne tofauti: la fedha, la ubora duniani, la tuzo za mwaka na la Ukumbi. Kila daftari lina karani wake, na makarani hawa hawaulizani kitu.

Alikotokea

Ochoa alizaliwa Guadalajara tarehe 15 Novemba 1981, katika nyumba iliyokuwa jirani na klabu ya Guadalajara Country Club. Alianza kushika fimbo akiwa na miaka mitano. Kocha wake wa kudumu alikuwa Rafael Alarcón, mchezaji wa kulipwa wa hapohapo Guadalajara, na chini ya mikono hiyo alitwaa mara tano mfululizo taji la dunia la watoto linaloshindaniwa San Diego.

Mwaka 2000 alikwenda Chuo Kikuu cha Arizona kwa ufadhili wa michezo. Katika misimu miwili alicheza mashindano 20 ya vyuo na kushinda 12. Msimu wa pili peke yake alishinda 8 kati ya 10. Mwaka 2002 aliacha gofu ya ridhaa na kuanza kucheza kwa malipo.

Hapa ndipo wengi hukosea kuhusu njia ya kuingia LPGA. Mtu haingii kwa kujulikana wala kwa kulipa ada tu. Lazima awe na kadi, yaani haki ya kuandikishwa kwenye mashindano ya msimu, na njia za kawaida za kuipata ni mbili. Ya kwanza ni mashindano ya mchujo yanayofanyika mwishoni mwa mwaka, ambapo siku moja mbaya inaweza kumrudisha mtu nyumbani kwa mwaka mzima. Ya pili ni mzunguko wa daraja la chini, ambao enzi hizo uliitwa Futures Tour: wanaomaliza juu kabisa kwenye orodha ya mapato hupandishwa. Ochoa alipita njia hii ya pili. Alicheza mashindano 10, akashinda 3, akaongoza orodha ya mapato, na 2003 akaanza LPGA. Mwisho wa msimu huo alipewa tuzo ya Mgeni Bora wa Mwaka.

Mpaka hapo, daftari la Ukumbi lilikuwa jeupe. Mataji ya vyuo hayana alama, ya Futures Tour hayana, na tuzo ya Mgeni Bora nayo haina. Mtu anayejaribu kupiga hesabu ya Ochoa akapata 40 au zaidi, aghalabu amejumlisha vitu hivyo.

Namna alama zinavyohesabika

Kanuni iliyotumika enzi zake ilipitishwa 1999. Taji la kawaida la LPGA ni alama 1. Taji la mashindano makuu, yale machache ya mwaka yanayobeba heshima kubwa kuliko mengine, ni alama 2. Tuzo ya Mchezaji Bora wa Mwaka ni alama 1, na Tuzo ya Vare, anayopewa mwenye wastani mdogo kabisa wa mikwaju kwa raundi, ni alama 1. Zikifika 27, sharti la kwanza limetimia. Sharti la pili ni kwamba katika hizo kuwe na walau taji moja la mashindano makuu, au Mchezaji Bora mara moja, au Vare mara moja. La tatu lilikuwa miaka 10 ya kucheza kama mwanachama hai. Hilo la tatu ndilo lililoleta kisa chote.

Tufungue daftari lake mwaka kwa mwaka, kwa sababu hesabu yenyewe inaonyesha jinsi taaluma yake ilivyopanda kwa kasi isiyo ya kawaida.

Mwaka 2003, sifuri. Mwaka 2004 alishinda mara mbili, la kwanza likiwa Franklin American Mortgage Championship huko Tennessee. Hakuna Mmexico aliyekuwa ameshinda LPGA kabla yake. Alama 2. Mwaka 2005, taji moja. Jumla 3 baada ya misimu mitatu. Ukimpigia mtu wa namna hiyo hesabu ya kuendelea kwa mwendo uleule, angefika 27 baada ya miaka ishirini na saba.

Kisha 2006: mataji 6, Mchezaji Bora, na Vare. Alama 8 kwa msimu mmoja, jumla 11.

Mwaka 2007 alishinda mara 8, moja likiwa British Open ya wanawake, ambalo ni la mashindano makuu na lina alama 2. Hizo ni 9. Ongeza Mchezaji Bora na Vare, 11. Jumla 22.

Mwaka 2008 alianza na HSBC Women's Champions kule Singapore (23), akashinda Safeway International huko Arizona (24), akabeba Kraft Nabisco ambalo ni la mashindano makuu (26), na wiki iliyofuata Morelia (27). Wakati huo msimu ulikuwa bado mbichi. Akaongeza Ginn Open (28), ambalo lilikuwa taji lake la nne mfululizo kwa mashindano aliyoingia, Sybase Classic (29), Navistar (30), na mwisho wa mwaka tuzo zote mbili tena (32). Mwaka 2009, mataji 3 na tuzo mbili: 37.

Mataji 27 na alama 27 si kitu kimoja, ingawa kwake namba hizo zimekutana na kuwachanganya watu. Mataji yake ya LPGA maishani ni 27. Kati ya hayo 25 ya kawaida yanampa 25, mawili makuu yanampa 4, Mchezaji Bora mara nne 4, Vare mara nne 4. Ndiyo 37. Alama ya 27 aliipata akiwa na mataji 21 tu.

Mashindano makuu yaliyomponyoka kwanza

Kwa vile taji kuu lina uzito wa mawili, inafaa kueleza kwa nini lilimchelewea. Mwaka 2005, kwenye US Open ya wanawake iliyochezwa Cherry Hills, Colorado, alifika shimo la 18 siku ya mwisho akiwa na nafasi ya wazi. Shimo hilo lina maji kushoto kwa urefu wake wote. Alichagua fimbo ya mbao namba 3, ambayo kwa kawaida ni chaguo la tahadhari, lakini fimbo ilianza kugusa ardhi kabla ya mpira, na mpira ukapinda kushoto majini. Alimaliza shimo lile kwa mikwaju 8 badala ya 4, na mashindano kwa mikwaju minne nyuma ya bingwa, Birdie Kim. Kwa maneno mengine, angecheza shimo hilo moja kwa kiwango chake cha kawaida angekuwa sawa na bingwa.

Mwaka uliofuata, Kraft Nabisco huko Mission Hills, California, alifungua kwa raundi ya mikwaju 62, mikwaju 10 chini ya kiwango (idadi ya mikwaju inayotarajiwa kwa uwanja), ikiwa ni raundi iliyolingana na rekodi ya wakati huo ya chini kabisa katika mashindano makuu. Siku ya mwisho Karrie Webb alitumbukiza mpira shimoni moja kwa moja kutoka yadi 116 kwenye shimo la 18. Ochoa alijibu kwa kulimaliza shimo hilohilo mikwaju miwili chini ya kiwango, wakalingana, na Webb akashinda kwenye shimo la nyongeza.

Baada ya hapo maneno yakawa mengi kwamba hawezi kumaliza kazi. British Open ya wanawake iliyochezwa St Andrews, Uskoti, Agosti 2007, iliwajibu. Ilikuwa mara ya kwanza wanawake wa kulipwa kushindana kwenye Old Course, uwanja mkongwe wa hapo, na wiki hiyo jengo la klabu ya Royal and Ancient, ambayo haikuwa na mwanachama mwanamke hadi kura ya 2014, lilifunguliwa kwa wachezaji. Ochoa alicheza 67, 73, 73 na 74, jumla 287, akaongoza tangu siku ya kwanza hadi ya mwisho na kushinda kwa mikwaju 4.

Hapo kuna kitendawili kidogo kwa wanaolijua Old Course kama uwanja wa kiwango cha mikwaju 72: inakuwaje 287 iitwe mikwaju 5 chini ya kiwango, wakati 72 mara nne ni 288? Jibu ni shimo la 17, lile maarufu la barabarani. Kwa wanaume huhesabiwa la mikwaju 4. Wiki hiyo lilihesabiwa la mikwaju 5, kiwango cha uwanja kikawa 73, na siku nne zikawa 292. Ondoa 287, zinabaki 5.

Taji kuu la pili lilikuja Aprili 2008 palepale Mission Hills alipoumizwa na Webb. Alipiga 277, mikwaju 11 chini ya kiwango, na kuwaacha Annika Sörenstam na Suzann Pettersen kwa mitano. Wengi wa wafanyakazi waliokuwa wakikata nyasi pale walitoka Mexico, na Ochoa alikuwa na desturi ya kwenda kula nao kifungua kinywa wakati wa mashindano. Ni jambo lisiloingia daftari lolote kati ya haya manne. Mila ya uwanja ule ilikuwa bingwa kurukia bwawa lililo kando ya shimo la 18. Aliyeianzisha mwaka 1988 aliitwa Amy Alcott. Jina hilo tutalihitaji baadaye.

Orodha ya ubora duniani inapima kitu kingine

Ochoa alishika namba moja tarehe 23 Aprili 2007. Angalia tarehe hiyo: alikuwa hajashinda taji kuu hata moja. Watu walihoji, lakini orodha haikuwahi kuahidi kupima mataji makuu. Inapima wastani.

Kila mashindano yana alama kulingana na ubora wa waliojiandikisha; ya makuu yana alama zilizowekwa, bingwa akipata 100. Alama hizo hubaki na thamani kamili kwa wiki 13, kisha hupungua kwa kiasi kilekile kila wiki kwa wiki 91 zinazofuata, mpaka ziishe. Kwa hiyo ushindi wa leo una nguvu nzima, na ushindi wa mwaka jana umeshaliwa karibu nusu. Jumla ya zilizobaki inagawanywa kwa idadi ya mashindano mtu aliyocheza ndani ya miaka miwili.

Kugawanya huku ndiko kunakoleta ubishi. Orodha ilipoanza Februari 2006, nafasi ya tatu ilikwenda kwa Michelle Wie, binti wa miaka 16 aliyekuwa na miezi michache tu katika gofu ya kulipwa, kwa sababu alikuwa amecheza mashindano machache na kufanya vizuri kwenye mengi ya hayo. Dawa iliyopatikana ni kigawanyo cha chini: hata ukicheza mara 20, unagawanywa kwa 35. Mwenye alama 700 kwa mashindano 20 anapata 20, sawa na mwenye 700 kwa mashindano 35. Aliyecheza 50 kwa alama hizohizo anapata 14. Mfumo huu unamwadhibu anayecheza kila wiki bila kumaliza juu, na unamlipa anayechagua mashindano kwa akili na kumaliza karibu na kilele kila mara. Hivyo ndivyo Ochoa alivyocheza kuanzia 2006.

Orodha hii haiwahusu wa LPGA peke yao. Mizunguko ya Japani, Korea na Ulaya inaingia humohumo. Mashindano ya Magical Kenya Ladies Open yaliyoanza 2019 Vipingo, Kilifi, yapo chini ya mzunguko wa Ulaya, kwa hiyo alama zinazopatikana pale huandikwa katika daftari lilelile alilokuwa akiliongoza Ochoa.

Kuna wanaosema alipata nafasi ile kwa sababu Sörenstam, Msweden aliyeshika namba moja kabla yake, alikuwa mgonjwa. Ni kweli Sörenstam aliumia shingo na mgongo 2007, akakaa nje kwa muda na kumaliza msimu bila taji la LPGA. Lakini mwaka 2008 alikuwa amerudi na anashinda, na ni yeye aliyekuwa wa pili, mikwaju 11 nyuma, Ochoa aliposhinda Singapore. Hoja hiyo ina uzito kwa miezi michache ya 2007, haina uzito kwa wiki 158. Jin Young Ko wa Korea Kusini alipita jumla hiyo ya wiki mwaka 2023, ila zake zilikatika katikati. Za Ochoa zilikuwa mfululizo, kuanzia siku alipokaa kileleni hadi siku alipoondoka.

Tuzo za mwaka, na alama moja ya Houston

Mchezaji Bora wa Mwaka wa LPGA hachaguliwi kwa kura. Anayeshinda mashindano anapata alama 30, wa pili 12, wa tatu 9, kisha 7, 6, 5, 4, 3, 2, na wa kumi 1. Kwenye mashindano makuu kila namba inazidishwa kwa mbili. Tazama pengo kati ya 30 na 12: kushinda mara moja ni bora kuliko kuwa wa pili mara mbili. Kwa hiyo tuzo hii humpendelea anayetwaa mataji, na mwenye kumaliza wa nne wiki hadi wiki hana lake.

Mwaka 2009 Ochoa alikuwa na mataji matatu na ilionekana tuzo inahamia kwa Jiyai Shin wa Korea Kusini. Waliingia mashindano ya mwisho ya msimu, Houston, Texas, Shin akiwa mbele kwa alama 8. Ochoa alimaliza wa pili, alama 12. Shin alimaliza wa nane, alama 3. Hesabu ya mwisho: 160 kwa 159. Mkwaju mmoja popote katika raundi zile ungeweza kuhamisha tuzo, na pamoja nayo alama moja ya Ukumbi.

Tuzo ya Vare ni hesabu nyepesi zaidi: mikwaju yote ya mwaka kugawanywa kwa raundi zote, ila lazima mtu awe ametimiza idadi ya chini ya raundi ili wastani wake uhesabiwe. Wastani wa Ochoa ulikuwa 69.24 mwaka 2006, kisha 69.69, 69.70, na 70.16 mwaka 2009. Namba hizo zinaonyesha jambo ambalo mataji yanalificha. Mwaka wake wa mikwaju michache kabisa kwa raundi ulikuwa 2006, msimu aliposhinda mara 6. Mwaka 2007 alishinda mara 8 kwa wastani mkubwa kidogo.

Fedha hazina alama

Msimu wa 2007 Ochoa alipata dola 4,364,994. Rekodi ya kabla yake ilikuwa ya Sörenstam, dola 2,863,904, ya mwaka 2002. Mwanamke wa kwanza kuvuka dola milioni 3 kwa msimu, na milioni 4, ni yeye, na kwa msimu huohuo.

Lakini hapo dola milioni 1 ilitoka kwenye taji moja, ADT Championship huko Florida. Mashindano hayo yalikuwa na muundo wake: wachezaji 32, baada ya siku mbili wakabaki 16, baada ya siku ya tatu wakabaki 8, na hao wanane wakaanza siku ya mwisho kutoka sifuri, mikwaju ya nyuma ikiwa imefutwa. Mtu aliyetawala kwa siku tatu angeweza kuondoka na sehemu ndogo tu ya fedha. Kwa karani wa fedha, taji lile lilikuwa karibu robo ya msimu. Kwa karani wa Ukumbi lilikuwa alama 1, sawa kabisa na Franklin American ya 2004.

Ndiyo maana kulinganisha wachezaji wa vizazi tofauti kwa mapato ni kupoteza wakati. Zawadi hupanda, mkwaju ni uleule.

Kwa nini alama 37 hazikutosha

Turudi kwa sharti la miaka 10. Aprili 2010 Ochoa alitangaza kuondoka, akacheza mara ya mwisho kama mchezaji wa kudumu palepale Tres Marías, Morelia, na tarehe 2 Mei akamaliza wa sita. Ai Miyazato wa Japani ndiye aliyeshinda. Tangu mapema Ochoa alikuwa ameshasema hatacheza hadi uzee. Alikuwa ameolewa Desemba 2009, na alitaka kusimamia taasisi yake inayoendesha shule ya La Barranca huko Guadalajara. Misimu yake, kuanzia 2003 hadi 2010, ilikuwa minane, na wa mwisho ulikuwa nusunusu.

Kwa nini sharti hilo liliwekwa? Kabla ya 1999 Ukumbi ulikuwa na kanuni kali zaidi: mataji 30 yakiwemo mawili ya mashindano makuu tofauti, au 35 yakiwemo moja kuu, au 40 bila kuu lolote. Amy Alcott, yule wa bwawani, alikuwa na mataji 29, matano kati yake yakiwa makuu. La mwisho alilitwaa 1991. Alikaa miaka akitafuta la thelathini, halikuja. Kanuni mpya ya alama ilipokuja 1999 aliingia mara moja, maana mataji makuu yalianza kuhesabika mara mbili. Lakini idadi ilipopunguzwa hivyo, likabaki sharti la miaka 10 ili mtu asipite kwa kuwaka misimu miwili na kuzimika.

Kwa mtu wa alama 27 zilizobanana, sharti hilo lina mantiki. Kwa mtu wa 37 halina, kwa sababu linaacha kupima mchezo na kuanza kupima mahudhurio. Ubaya wake ulionekana wazi 2016 kwa Inbee Park wa Korea Kusini. Alama zake zilikuwa zimeshatimia. Alichobakiza ni msimu wa kumi, na msimu ulihesabiwa mtu akicheza mashindano 10. Kidole gumba kilikuwa kinamuuma, hata baadhi ya mashindano hakuyamaliza, lakini alilazimika kujitokeza ili idadi itimie. Alipokamilisha raundi ya kwanza ya mashindano ya kumi, Juni mwaka huo, akawa ameingia, bila kujali matokeo ya wiki hiyo.

Ochoa angeweza kufanya vilevile: kurudi kwa misimu miwili ya mashindano kumikumi, hata akimaliza wa mwisho kila wiki. Hakufanya.

Machi 2022 LPGA ilifuta sharti la miaka 10. Mabadiliko hayohayo yaliipa medali ya dhahabu ya Olimpiki alama 1, ndiyo sababu Lydia Ko wa New Zealand alitimiza ya 27 kwa kushinda Paris, Agosti 2024. Kwa Ochoa hakukuhitajika alama mpya wala kura. Sharti lilipoondoka, daftari lake lilikuwa limeshajaa tangu Morelia.

Kosa moja la mwisho linalojirudia: wapo wanaoandika kwamba aliingia Ukumbi wa Umaarufu 2017. Hawajakosea, ila wanataja ukumbi mwingine. Ule wa 2017 ni wa gofu ya dunia, wanaume na wanawake pamoja, na wanaoingia huchaguliwa na jopo. Aliingia pamoja na Davis Love III, Ian Woosnam, Meg Mallon na marehemu Henry Longhurst, akiwa Mmexico wa kwanza. Ule wa LPGA hauna jopo la kuwapima wachezaji wa aina yake, una hesabu tu, na ndiyo maana ule wa dunia ulimkubali miaka mitano kabla ya ule wa LPGA.

Baada yake Mexico ilisubiri taji jingine la LPGA hadi Novemba 2018, Gaby López aliposhinda Blue Bay huko China. López aliongeza la pili Januari 2020 na la tatu 2022. Yote ni ya kawaida, hakuna kuu. Kwa karani wa Ukumbi, hizo ni alama 3, idadi ileile aliyokuwa nayo Ochoa mwisho wa 2005.